Hayakuwa Maji ya Moto

Likasi, Jumapili, baada ya misa ya pili

Odile,

Salamu tutapeana kesho asubuhi pale lori la Lubumbashi linapopakia, mbele za watu, kama inavyotakiwa. Hapa sina salamu. Nina hasira, na nina muda mpaka utakaporudi kutoka Kikula kumuaga shangazi yako. Kwa hiyo naandika haraka na mwandiko utakuwa mbaya. Naandika kwa Kiswahili cha masista walionifundisha, kwa sababu nikiandika kama tunavyosema nyumbani nitaanza kukubembeleza, na sitaki kukubembeleza.

Habari za sweta, za pasipoti, za kutolala uwanja wa ndege wakati mzigo uko wazi, umezisikia wiki nzima na umechoka nazo. Sizirudii.

Leo asubuhi nilikuwa nakupigia pasi nguo. Zile karatasi ulizomwandikia Daktari Mbuyi zilikuwa mezani. Hukuzificha, nikazisoma. Daktari alikuuliza mambo matatu tu: ni kitu gani kilikuunguza, ulioshwa baada ya muda gani, na kovu lilianza lini kuvuka mpaka wa kidonda. Nawe ukajibu kwa Kifaransa chako kizuri: nilipokuwa na miaka mitano, kwa ukaidi wangu, nilivuta sufuria ya maji ya moto iliyokuwa juu ya mbabula ya makaa, ikanimwagikia.

Kwa ukaidi wangu. Hakuna aliyekuuliza habari ya ukaidi. Umeiweka mwenyewe, kwenye karatasi itakayosomwa na watu wa maabara huko Ubelgiji ambao hawajui hata jina la mtaa wetu. Niliweka pasi chini nikakaa kwenye kiti cha baba yako, na nilikaa mpaka makaa yakazimika ndani ya pasi.

Odile, hayakuwa maji ya moto. Hakukuwa na sufuria. Ilikuwa asidi. Baba yako ndiye aliyeileta nyumbani, na mimi ndiye niliyetunga habari ya sufuria.

Kaa chini kama umesimama. Nitakueleza tangu mwanzo, nawe utajua la kufanya.

Baba yako alifanya kazi kiwandani upande wa asidi, ile wanayoyeyushia mawe ya shaba. Wakati ule mshahara ulikuwa bado unatoka, lakini ulikuwa umegeuka mzaha. Ukiupokea asubuhi, jioni haununui tena kitu kile kile. Kila mtu alikuwa anatoka na kitu kazini. Mmoja waya, mwingine mafuta. Yeye alitoka na asidi kwenye chupa, akawauzia madereva kwa ajili ya betri za magari. Chupa aliziweka nyuma ya nyumba yetu ya Shituru, karibu na pale nilipofulia.

Mimi nilikuwa muuguzi. Hilo unalijua, lakini nataka ulifikirie tena. Nilikuwa chumba cha vidonda hospitali ya kampuni. Nilikuwa nimekwisha kuosha wanaume walioungua asidi ile ile, nimeona inavyokula. Nilijua chupa zile ni nini kuliko hata baba yako aliyezibeba. Nilimwambia mara moja tu azitoe. Akasema, "Kesho." Nikaendelea kufulia pale pale. Tulikuwa tunakula kutokana na chupa zile.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilikuwa jikoni nasonga unga wa bukari nikasikia sauti yako nje. Haikuwa kilio. Nilipotoka ulikuwa umesimama wima, mikono umeitenga na mwili, na gauni lako lilikuwa linafumuka matobo kama limeliwa na mende. Kifuani upande wa kushoto, begani, shingoni mpaka chini ya kidevu. Baba yako alikuwa amepiga magoti mbele yako, anajaribu kukufuta kwa shati lake. Anakufuta, Odile. Asidi haifutwi. Nilimsukuma akaanguka.

Bomba letu lilikuwa kavu, maji yalikuwa yanakuja asubuhi tu. Nilikuosha kwa maji ya pipa mpaka yakaisha, dakika nne hivi, labda tano. Nikakimbilia kwa jirani, nikarudi na ndoo, nikakuosha tena. Ilitakiwa nusu saa ya maji yanayotiririka bila kukatika. Hukuipata. Hayo nayo yaandike, kwa sababu daktari ameuliza.

Kisha baba yako akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mama Odile, bakijua ni asidi ya kazi, leo leo banifukuza. Nyumba ni ya kampuni. Tutalala wapi?"

"Mutoto anaungua na weye unawaza nyumba?"

"Sema ni mayi ya moto. Weye iko infirmière. Batakuamini."

Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Nilikubeba mgongoni njia nzima nikimtukana. Tulipofika hospitali nikasema ni maji ya moto.

Daktari aliyekupokea alikuwa huyo huyo Mbuyi. Alikuwa kijana, amefika kutoka Kasai si muda mrefu, bado anaomba radhi kwa Kiswahili chake. Alikuangalia kwa muda mrefu. Maji ya moto yanaunguza kwa upana. Kidonda chako kilikuwa na michirizi, na katikati ya michirizi ngozi ilikuwa imebadilika rangi kabisa.

"Mama, ni mayi kweli?"

"Ni mayi, docteur."

Akaandika. Faili lako la kwanza hapa duniani, ukiacha lile la kuzaliwa, limeandikwa uongo wa mama yako.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga wa kawaida. Sikuishia hapo. Wakubwa wa baba yako kazini walikuwa wanakuja kutazama wagonjwa wa familia za wafanyakazi, na wewe ulikuwa mtoto wa kusema sana. Muuguzi mwenzangu alikuuliza nini kilikuunguza, ukasema, "Ni dawa ya papa." Nikaingilia haraka nikasema ni homa tu inayomtaja baba yake. Usiku ule na siku zilizofuata nilikaa kitandani kwako nikakufundisha kama watu wanavyofundisha sala. Ulivuta sufuria. Ukasema hapana. Ulivuta sufuria, Odile. Ukalia, ukasema hapana, ni dawa ya papa. Ulikuwa na homa, na nilijua mtoto mwenye homa hana nguvu ya kubisha muda mrefu. Nilitumia ujuzi wangu wa kazi kukushinda.

Na ili uongo ukae vizuri nikauwekea kosa lako. Nikasema: Mama alikukataza, wewe hukusikia. Wakubwa walipokuja na pakiti ya biskuti, ukawasomea yote bila kukosea hata neno. Mmoja akakushika kichwa akacheka. "Sasa utasikia mama, eh?" Ukasema, "Ndiyo, tata. Samahani, tata."

Tangu siku ile umekuwa mtu wa kuomba samahani. Watu wananisifu kwamba nimekulea vizuri, binti mpole, hana neno. Kila wanaponisifu nataka kuwapiga.

Kidonda kilifunga. Kovu lilikuwa bapa, jepesi, nikamshukuru Mungu nikadhani tumepona wote watatu. Baada ya miezi minne ukingo wake ukaanza kupanda. Nilikuwa nimeona makovu ya kuvimba hospitali, yanakaa pale pale palipokuwa na kidonda kisha pole pole yanashuka. Lako halikushuka. Lilivuka likaingia kwenye ngozi nzima ambayo asidi haikuigusa hata tone. Lilikuwa gumu, linang'aa, na lilikuwasha mpaka ukawa unajisugua kwenye fremu ya mlango. Ulipofika miaka tisa lilikuwa limevuta shingo yako upande, na shuleni walikuwa wamekwisha kukupa jina. Silirudii hapa.

Daktari Mbuyi alikuwa amekwenda kujifunza zaidi, akarudi na sindano za kotizoni. Aliniita mwenyewe, sikumwomba. Kila mwezi alikuchoma ndani ya kovu, na kovu la namna hiyo ni gumu kama soli ya kiatu, sindano inakataa, lazima usukume. Wanaume wazima wanapiga kelele. Wewe ulikuwa ukitikisika kidogo unamwambia, "Samahani, docteur." Unamwomba msamaha mtu anayekuchoma sindano. Siku moja alisimama, akaweka sindano kwenye sahani, akanitazama mimi, si wewe. Niligeuka nikajifanya napanga bandeji.

Na sindano zilikuwa zinafanya kazi. Unakumbuka. Kovu lililainika, likapungua rangi, ukaweza kufunga kifungo cha juu cha blauzi. Alisema mwaka mmoja zaidi.

Hatukupata mwaka mmoja zaidi. Ilikuwa tisini na mbili, na vijana walipita mitaani wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Wengine walizaliwa hapa, na baba zao wamezikwa hapa. Mimi ni Musanga, wa kabila la hapa hapa, hakuna aliyenigusa. Nilifunga dirisha. Mwalimu wako wa hesabu aliondoka wiki ile ile, na yule fundi aliyetengeneza redio za mtaa mzima, na hospitali ikabaki na vyumba ambavyo hakuna mwenye ufunguo wake. Watu waliimba, kisha miezi michache baadaye wakalalamika kwamba hakuna mwalimu na hakuna daktari. Sikuimba. Usinipe sifa kwa hilo. Kutoimba ilikuwa kazi rahisi sana.

Nilikwenda stesheni. Hilo sijawahi kukuambia. Walikuwa wamejaa kwenye reli na kwenye mabehewa mabovu, wamefunga mahema ya vitenge, wanangoja treni ambayo haiji, wiki na wiki. Harufu ilikuwa ya kuharisha. Nilimkuta Daktari Mbuyi amekaa juu ya godoro lililokunjwa, mke wake amelala na homa. Nilikuwa nimevaa blauzi iliyonyooshwa. Mikono mitupu. Sikuleta mkate, sikuleta maji, na nyumbani vyote viwili vilikuwepo.

"Mama Odile," akasema, "umekuja kutuona?"

Nikasema, "Docteur, sindano ya mutoto itakuwa je?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alifungua begi lake, na ndani ya soksi alikuwa amehifadhi vichupa vitatu vya kotizoni. Vitatu. Mtu amefukuzwa nyumbani kwake, ameacha vitabu, ameacha vyombo, amebeba vichupa vyako. Akaniambia, "Nilijua utakuja." Akanieleza kiasi cha kuchoma na pa kuchoma. Akasema tena jambo moja mara mbili: lisikatwe kamwe bila sindano za kufuata, litarudi na kuzidi. Kisha akapunguza sauti.

"Mama, sasa minye ninaenda. Hakuna kampuni hapa, hakuna faili. Ile haikuwa mayi, eh?"

Vichupa vilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilimtazama usoni nikasema, "Ni mayi, docteur."

Nimefanya mabaya mengine maishani. Lile la stesheni ndilo ninaloamka nalo.

Vichupa viliisha. Kovu likaamka. Ndipo shangazi yako, dada ya baba yako, alipotupeleka kwenye kikundi chao cha maombi. Simlaumu shangazi, alikupenda na hakujua. Mhubiri aliuliza mbele ya watu wote, "Mutoto alifanya nini mpaka hii kintu ikamushika?" Shangazi akajibu, "Hakusikia mama yake." Mhubiri akasema hapo ndipo mlango ulipofunguka, na mtoto aufunge kwa kinywa chake. Wakakupigisha magoti. Ukiwa na miaka kumi na moja, shingo yako imekwenda upande, ukasema, "Minye nilikataa kusikia mama. Mungu anisamehe. Mama anisamehe."

Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Nilijua kila kitu. Nilisema amina, Odile, na kwa sauti.

Halafu nikakukata. Si kwa mkono wangu, lakini ni sawa. Alipita daktari mmoja wa upasuaji aliyefungua kliniki yake kwa muda, akasema saa moja tu na kovu litakuwa limekwisha. Nilimuuliza kama ana kotizoni ya baadaye. Akasema haihitajiki. Nilijua inahitajika. Nilikuwa nimeambiwa mara mbili na mtu aliyekaa juu ya godoro. Lakini wewe ulikuwa umesema hurudi tena shuleni, na mimi, niseme ukweli wote, nilikuwa nimechoka kuliona. Watu waliona kovu. Mimi niliona nilichokisema hospitali. Nilitaka kitolewe mbele ya macho yangu, nikaita hiyo matibabu.

Kwa wiki chache ulikuwa na mstari mwembamba. Ulijitazama kwenye kioo ukacheka, unakumbuka? Baada ya miezi minane lilikuwa limefika mahali ambapo halijawahi kufika. Na ulichoniambia ni, "Samahani, mama, umesumbuka bure."

Sasa la baba yako. Unajua alivyokaa nyumbani bila kazi na bila mshahara, wenzake wakaenda kuchimba mashimoni, yeye kifua kikamkatalia. Asubuhi moja, wewe ukiwa shuleni Mulungwishi, aliniita.

"Mama Odile, ile siku, minye njo nilimwita."

"Ulimwita nani?"

"Odile. Alikuwa anacheza kwa jirani. Nilimwita anikamatie mupira ya kumiminia, nipitishe asidi mu chupa ingine. Alikuja mbio. Alisema 'Ndiyo, papa.' Alikamata muzuri, na mikono yote mbili. Ni minye njo nilivuta, mupira ikatoka."

Kwa miaka yote ile mimi nilidhani uliichezea chupa. Hakuwahi kuniambia, na sikuwahi kuuliza. Ndiyo maana neno lile la ukaidi lilinitoka kwa urahisi. Nilijiambia kwamba sufuria ni ya uongo lakini utundu ni wa kweli. Hata huo haukuwepo. Uliitwa na baba yako, ukaitika, ukaenda mbio, ukashika ulipoambiwa ushike. Uliunguzwa kwa kutii, na mimi nikakulea kwa kukuambia umeunguzwa kwa kutotii.

Baba yako alilia. Sikumshika mkono. Alikufa baada ya siku kumi na moja na sikuwa nimemshika mkono bado. Juu ya kaburi lake nililia kwa hasira, watu wakadhani ni majonzi, wakanipa kiti.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia siku ile ulipokuja mazishini. Kwa sababu yeye ameshakufa, wa kulaumiwa amebaki mmoja. Ndiyo sababu yote. Sina nyingine.

Barua ya Daktari Mbuyi ilipofika mwaka jana kutoka maabara anakofanya kazi sasa huko Ubelgiji, pamoja na zile fotokopi za utafiti wa makovu, ulinikalisha hapa mezani ukanieleza kama mimi ndiye mwanafunzi.

"Mama, angalia. Ngozi ikiumia, kuna protini inatoa amri kwa seli: mujenge. Kwa bantu bengine amri inaisha. Kwangu haiishi, seli zinaendelea kujenga kolajeni tu, nyuzi za kovu."

"Na nani anatoa ile amri?"

"Protini ile iko na bandugu. Mbili banasukuma kovu, moya anatuliza. Mutoto mu tumbo ya mama akiumia, anapona bila kovu, kwa sababu kwake bale ba kusukuma beko kidogo. Ku panya baliweka kintu inakamata ile protini mbele ya kufika ku seli, na kovu ikakuwa ndogo."

"Basi bakupe."

"Bado, mama. Panya hapate kéloïde, kovu kama hii yangu. Ni bantu tu. Njo maana banatafuta seli za bantu."

"Bantu gani?"

Ulizipanga fotokopi kwanza. "Zaidi bantu beusi."

Nilielewa hapo kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka. Muda wote ule sisi hospitali tulikuwa tunakata na kuchoma, kukata na kuchoma, kama fundi anayepiga ngumi redio. Hakuna aliyekuwa amekaa chini kuuliza ni nini kinaiambia ngozi iendelee. Angalau huyo aliyetupwa stesheni alikaa chini akauliza.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili nalijua vizuri. Daktari ameandika kwamba watapenda kuchukua kipande kidogo cha kovu lako, wakioteshe kwenye kisahani, waone seli zako zinaitikaje wakiizuia ile protini. Ameandika pia kwamba una haki ya kukataa, na kwamba nafasi yako ya masomo haihusiani na hilo. Namwamini. Lakini hatakuwa yeye peke yake chumbani. Kutakuwa na wengine, wakarimu, wanakutabasamia, na wewe utafikiria tikiti na chumba cha kulala ulichopewa, na kinywa chako kitasema ndiyo kabla hujaulizwa. Nakujua. Mimi ndiye niliyekitengeneza kinywa hicho.

Kila aliyewahi kukigusa kifua chako alikuwa na sababu nzuri. Baba yako alikuwa na sababu, mhubiri pia, na yule wa kliniki. Zangu ndizo zilikuwa nyingi kuliko zote. Ukitaka kuwapa kipande hicho, wape. Waulize kwanza kama wana sindano za kufuata, waone kwa macho yako, kwenye kabati. Usipotaka, sema sitaki, kisha funga mdomo. Usiongeze samahani. Itakuuma ulimi mara ya kwanza.

Wala usiniahidi tena kwamba utaniletea dawa. Nilikuona wiki iliyopita ukimwambia shangazi, "Nitarudi na dawa ya makovu." Huendi huko kulipa kosa ambalo hukulifanya. Nenda kwa sababu ile protini inakunyima usingizi kwa utamu wake. Nimekuona ukisoma fotokopi zile huku bukari inapoa. Dawa inaweza kuchelewa mpaka uwe bibi. Au ikagunduliwa na mtu mwingine, mvulana fulani asiye na kovu hata la kuanguka baiskeli. Bado utakuwa umejua kinachotokea ndani ya ngozi yako, na hakuna atakayekupigisha magoti juu yake tena.

Ukurasa wa kwanza wa karatasi zako nimeuchana. Hilo ni kosa jingine, kuchana kitu cha mtu, lakini nimelifanya. Mahali pake nimeweka ukurasa wangu, kwa Kifaransa cha hospitali: asidi ya sulfuriki kutoka kazini kwa baba, dakika ulizooshwa na zile ambazo hukuoshwa, mwezi kovu lilipoanza kuvuka, tarehe za sindano kadiri ninavyokumbuka, na upasuaji ule ambao mama aliukubali akijua. Nimetia sahihi kwa jina langu lote na kazi yangu. Mwishoni nimemwandikia daktari mstari mmoja wa pembeni: ulikuwa umejua, na mimi nilikudanganya mara mbili, ya pili ukiwa na mkeo mgonjwa. Ukitaka kuutoa mstari huo kwa aibu, usiutoe. Ni aibu yangu, acha ifike.

Nimepita pia kwa shangazi yako kati ya misa ya kwanza na ya pili, nikamweleza yote. Kama ulimkuta leo na macho mekundu na hakukuambia kwa nini, ndiyo sababu. Aliniuliza, "Na ku kikundi, bibi, ulikuwa unasema amina?" Nikasema ndiyo. Akafungua mlango akanionyesha njia. Alifanya vizuri.

Sijui utafanya nini ukishasoma. Nitakupa barua hii jioni, si kesho kwenye lori, kwa sababu kukupa kwenye lori ingekuwa tena ni kukufungia njia ya kujibu. Unaweza kulala kwa shangazi. Unaweza kuondoka bila kunishika mkono. Mkono wa baba yako sikuushika, najua inavyokuwa, na najua mtu anaweza kuishi nayo.

Kitu kimoja tu nakuomba, na unaweza kukikataa. Katika nyumba hii hujawahi kukasirika hata siku moja. Mtoto wa miaka kumi na saba, na yote haya, hajawahi kupiga mlango. Mimi nilizichukua hasira zako ukiwa na homa, nikaweka samahani mahali pake. Utakapofika utaniandikia, kwa sababu wewe ni wewe, na utataka kuanza kwa kuniuliza kama miguu yangu bado inavimba. Usiniulize miguu. Niulize kwa nini. Uliza kwa maneno makali unavyotaka, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha nyumbani, nami nitakujibu. Ukiona jibu halitoshi, uliza tena.

Mimi mama yako, ambaye mwaka ule ulimwambia ukweli na akakukatalia,

Mama Odile